Kilo 100 za dagaa wabichi: je, kufikiri kunafundishwa peke yake?

Chukua kilo 100 za dagaa wabichi walioshushwa alfajiri Katonga, mwalo wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma. Tuseme asilimia 75 ya uzito wao ni maji. Wakianikwa mpaka maji yabaki asilimia 15, mzani utasoma kilo ngapi?

Jibu linalokuja haraka ni 40: 75 toa 15 ni 60, kwa hiyo kilo 60 zimekwenda na jua. Si kweli. Kilo 25 za nyama na mifupa hazikauki, na ndizo zitakazokuwa asilimia 85 ya mzigo mkavu. Gawanya 25 kwa 0.85, unapata kilo 29 na ushei. Ile asilimia 15 ya mwisho si ya kilo 100 tena, ni ya mzigo mpya uliopungua. Mchuuzi aliyepanga bei kwa kutegemea 40 amepoteza zaidi ya kilo 10 kabla hajamlipa kibarua wala mwenye gari.

Mama aliyezoea kuanika hadanganyiki na 40. Anajua kwa mkono kwamba kilo tatu na nusu hivi za wabichi hutoa moja kavu, hata kama hajawahi kuandika asilimia. Kijana wa kidato cha nne anajua asilimia lakini huenda hajawahi kuanika. Nani kati yao ana stadi ya kufikiri? Swali hilo ndilo linalowagawa walimu, waajiri na waandaaji wa mafunzo ya vijana. Wapo wanaotaka fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo vifundishwe kama stadi zinazojitegemea. Wapo wanaosema mpe mtu maarifa ya kazi yake, kufikiri kutafuata.

Kambi ya kwanza ina hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mwanahisabati wa Hungaria, György Pólya, alieleza mwaka 1945 hatua nne za kutatua swali: lielewe, panga njia, itekeleze, kisha rudi nyuma ukague. Jaribu hatua ya nne kwenye lile jibu la 40. Kama mzigo ni kilo 40 na kilo 25 ni nyama na mifupa, maji ni kilo 15. Kumi na tano katika 40 ni asilimia 37.5, siyo 15. Jibu limejiangusha lenyewe, na aliyelikagua hakuhitaji kuwahi kuliona ziwa. Tabia hii inaweza kuhamishwa kutoka darasa la hesabu kwenda ofisi ya uhasibu au karakana ya injini za boti, na haigharimu zaidi ya dakika mbili. Inashangaza ni mara chache kiasi gani mwanafunzi anapewa alama kwa kuifanya.

Lakini kambi ya pili inajibu kwa mfano ambao huku Kigoma hautafutwi mbali: mchikichi. Mkulima anaona mti wa aina ya tenera wenye matunda mazito, unaokamuliwa mafuta mengi. Anaokota mbegu zake, anakuza miche, anapanda kwa pembetatu ya mita 9, yaani miti 143 hivi kwa hekta. Mantiki yake haina kasoro: mti mzuri, mbegu nzuri. Tatizo ni kwamba tenera ni chotara wa dura, mwenye gamba nene la kokwa, na pisifera, asiye na gamba. Maua yake yakichavushwa na tenera mwenzake, kwa wastani robo ya miche itakuwa dura, nusu tenera, na robo pisifera, ambao kwa kawaida mikungu yao huharibika kabla ya kukomaa. Hiyo ni miti kama 36 isiyo na faida katika hekta moja. Chavua ikitoka kwenye dura za asili zilizozunguka shamba, nusu ya miche itakuwa dura. Yote haya yatajulikana baada ya miaka kama mitatu ya kupalilia. Ndiyo maana mbegu za tenera, kama zile za kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hutengenezwa kwa kumchavusha mama dura kwa chavua ya pisifera, na si kwa kuokota.

Mkulima huyu hakukosa kufikiri. Alikosa habari moja. Na swali ambalo lingemwokoa, “wazazi wa mti huu ni akina nani?”, haliwezi kumjia mtu asiyejua kwamba wazazi wana maana hapa. Mwaka 1973, wanasaikolojia Chase na Simon walionyesha jambo la jamaa hiyo kwa wachezaji wa sataranji: mabingwa walikumbuka vizuri mno kete za mchezo halisi, lakini kete zilipopangwa ovyo karibu ubora wao wote ulitoweka. Kumbe ubingwa wao haukuwa kichwa chenye nguvu kwa kila kitu.

Kwa maoni yangu kambi ya pili iko karibu zaidi na ukweli, ila ina tabia ya kujificha nyuma ya ukweli huo ili kutetea kukariri. Mtihani unaosema “taja aina tatu za michikichi” unaweza kufauliwa na mtu ambaye kesho yake ataokota mbegu chini ya tenera. Maarifa yalikuwepo, hayakuwahi kuulizwa kazi. Nia ya kubadili hili si mpya: sera ya Tanzania ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwananchi mwenye akili ya kuhoji, na mtaala wa mwaka 2005 ukahamia kwenye umahiri. Kinachokwamisha ni vitu vya kawaida zaidi. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akifika sekondari anaulizwa “kwa nini” kwa Kiingereza. Anayeweza kubishana kwa hoja nzito kuhusu bei ya mawese anabaki kunakili ubaoni. Kumruhusu ajenge hoja kwa Kiswahili kwanza, kisha aiandike kwa Kiingereza, kunasaidia, japo mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40 ana haki ya kulalamika.

Kazini kuna kikwazo cha adabu. Kumwuliza mkubwa “umejuaje?” ni kama kumpima. Swali likielekezwa kwenye kitu hupita: “Mzee, tukipima gunia hili na lile la jana, tutegemee tofauti gani?”

Na hapa ndipo stadi na maarifa hukutana. Tuseme baadhi ya magunia ya dagaa wakavu yameota ukungu. Njia maarufu ya kuuliza “kwa nini” mara tano, iliyokulia Toyota, hufuata mnyororo mmoja na mara nyingi huishia kwa mtu wa kulaumiwa. Bora kulinganisha. Panga magunia yaliyoota na yasiyoota ya safari ileile, andika kila moja lilianikwa siku ngapi, mchangani au kwenye kichanja, lilifungwa dagaa wakiwa bado na joto au wamepoa, lilikaa sakafuni au juu ya mbao. Dagaa wa moto hutoa jasho ndani ya gunia, na mwenye kuorodhesha bila kujua hilo hataweka safu ya kupoa kwenye daftari lake. Tofauti ikionekana, badilisha jambo moja tu kwenye safari inayofuata. Ukibadilisha matatu, ukungu ukaisha, hutajua lipi lililokuponya.

Kisha pima kilo moja kutoka gunia lenye shaka, anika tena siku nzima, pima upya. Tuseme sasa imefika asilimia 15 na imepungua gramu 82. Ilikuwa na maji asilimia 22. Anayetoa 15 kwenye 22 angetegemea ipungue gramu 70. Ni kosa lilelile la kilo 40, ila safari hii limejificha ndani ya gramu 12.