Ruzuku ya kutuliza maumivu: Malindi nayo inaihitaji

Ninapowaeleza jamaa zangu wa Malindi, Kenya, kwamba serikali ya Marekani, nchi ninayoishi sasa, imekuwa ikitoa ruzuku kwa hospitali ili vyumba vyake vya dharura vitulize maumivu bila kukimbilia dawa za jamii ya afyuni, kama mofini, wengi huniuliza kama kweli dawa hizo zimejaa huko kiasi cha kutengewa fedha za kuzipunguza. Zimejaa, na zimeua. Kwetu shida ni kinyume chake, kwa kuwa mgonjwa huumia kwa kukosa dawa. Hata hivyo naamini ruzuku ya namna hiyo ingeifaa Malindi kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1996 dawa iitwayo OxyContin iliingia sokoni Marekani ikinadiwa kuwa hatari yake ya uraibu ni ndogo, na madaktari wakaandikia watu dawa za aina hiyo hata kwa maumivu ya mgongo na ya jino. Waliozizoea, wengi wao walihamia heroini na baadaye fentanili, dawa kali zaidi ya jamii hiyo hiyo. Mwaka 2022 peke yake watu wapatao 108,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za kulevya, na takriban 82,000 kati yao vifo vyao vilihusishwa na afyuni.

Hospitali moja ya mji wa Paterson, New Jersey, iitwayo St. Joseph's, ilianzisha Januari 2016 utaratibu wa kumpa mgonjwa wa dharura tiba nyingine kwanza, kabla ya afyuni. Mwaka uliofuata vyumba 10 vya dharura katika jimbo la Colorado vilijaribu jambo hilo, na kwa miezi sita vilipunguza matumizi ya afyuni kwa asilimia 36. Oktoba 2018 ikapitishwa sheria ya taifa iliyoidhinisha dola milioni 10 kwa mwaka, kuanzia 2019 hadi 2021, kwa hospitali zitakazofuata njia hiyo.

Mimi ni mhudumu wa wazee, na nimeiona tiba yenyewe kwa macho yangu. Bibi mmoja ninayemtunza alivunjika nyonga bafuni, nikafuatana naye hospitalini. Daktari alimpaka jeli kando ya kinena, akaweka kifaa cha altrasaundi, na huku akitazama kwenye skrini mahali mshipa wa fahamu unapopita, akadunga sindano ya ganzi. Bibi aliyekuwa akipiga kelele kila shuka liliposogezwa alinyamaza baada ya muda mfupi, kisha akaniomba chai. Hakupewa mofini hata tone. Dawa iliyomtuliza ni ndugu ya lidokaini, ile ile wanayodungwa watu wa kwetu kabla ya kushonwa jeraha au kung'olewa jino.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu, mkwezi, aliyeanguka kutoka mnazini alipokuwa akiangua madafu, akavunjika mfupa wa paja. Katika hospitali aliyopelekwa alidungwa diklofenaki ya matako, akalazwa kwenye machela kungojea eksirei, na kila machela iliposukumwa alishika ukingo wake mpaka vidole vikapauka. Wauguzi walikuwa na huruma na walifanya waliloweza. Lakini lidokaini ilikuwamo katika jengo lile lile, chumba cha kushonea vidonda, na ketamini, dawa ya usingizi inayotuliza pia maumivu, ilikuwamo katika chumba cha upasuaji. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kuzitumia kwa maumivu ya aina ile, mwongozo ulioandikwa wa kumruhusu, na mashine ya kumwonyesha pa kudunga. Vitu hivyo ndivyo vinavyonunuliwa na ruzuku ninazozisema: mafunzo, miongozo na vifaa. Wakwezi hawaachi kuanguka, na bodaboda haziachi kugongana. Matabibu wetu wanakutana na paja lililovunjika mara nyingi mno kuachwa na sindano moja tu.

Malindi ina sababu nyingine. Unga, yaani heroini, uliingia mji wetu zamani, na tangu mwaka 2015 hospitali ya serikali pale mjini imekuwa na kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa watu ili waache unga. Mtu aliyejitahidi kuacha unga, akaja kuvunjika mguu, anastahili kutulizwa maumivu bila kurudishwa kwenye njia aliyoitoka, na bila kutazamwa kama teja anayetafuta dawa. Sindano ya ganzi inampa yote mawili.

Nina hofu moja, nayo si ndogo. Mpango huu ukiletwa kwetu jinsi ulivyo, kuna watakaoufanya sababu ya kuifungia mofini kabatini. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Mtoto wa selimundu anayejikunja kwa maumivu makali, mtu aliyeungua mwili, mgonjwa wa saratani, hao wanahitaji mofini na hawapaswi kuambiwa wavumilie. Kwa hiyo fedha zozote zitakazotengwa ziandikwe wazi kwamba ni za kuongeza tiba, wala si za kupunguza.

Tusiseme fedha hazipo kabisa. Katiba yetu, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya mwaka 2023 imeziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayoyakusanya na kuyatumia kuboresha huduma. Kaunti ya Kilifi inaweza kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya maumivu katika chumba cha dharura, ianze na matabibu wachache wa Malindi wafundishwe na madaktari wa ganzi waliopo Mombasa, halafu hesabu ya wagonjwa waliotulizwa itolewe hadharani kila mwaka. Sisi tulio ng'ambo tunaweza kuchangishana mashine ya altrasaundi, na nimekwisha kuzungumza na wenzangu kadhaa wa Malindi walio tayari. Mishahara ya wakufunzi na dawa za kila mwezi, hata hivyo, lazima ziwe katika bajeti ya kaunti, kwa sababu mchango wa ng'ambo huja mwaka huu na mwakani usionekane.