Kwani mpaka uwe mgeni ndo upumzike Watamu na mwenzio?

Huku Hamburg Ijumaa jioni ukiingia treni ya kwenda upande wa baharini utawaona tu, mke na mume, wengine vijana, wengine wazee kabisa wanashikana mikono kushuka ngazi, kila mmoja na kibegi chake mgongoni, wanakwenda Lübeck ama Travemünde kulala usiku mmoja, wakizidisha sana miwili, Jumapili jioni washarudi kwao. Hakuna harusi wanayokwenda, hakuna mgonjwa, hakuna matanga. Wametoka wao wawili, bas.

Mi mzaliwa wa Malindi, pwani ya Kenya, mume wangu mtu wa Lamu, na tangu tuje huku watu wa nyumbani wakitupigia simu huuliza mshahara, baridi, makaratasi, lakini kitu ambacho mi ningetamani kukibeba nikipeleke nyumbani ni hiki cha mke na mume kutoka pamoja mara moja moja, hapo karibu, bila makuu. Na nasema kwa uchungu kwa sababu kwetu vitu vyote vya kufanya hivo viko, tena viko vizuri kushinda huku, na hatuvitumii.

Nianze na huku ili msifikiri nasifia Ulaya. Lübeck ni mji wa kale, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1987, na kutoka Hamburg ni kama dakika 45 za treni. Una lango lake kubwa la matofali, makanisa, vichochoro, na wanauza marzipan, ile halwa yao ya lozi. Ni pazuri, sikatai, ila mtu alokulia vichochoro vya Lamu hashtuki sana. Travemünde ndo pwani yenyewe, na hapo msimu wa joto unalipa ada, halafu maji hata mwezi wa saba yanakuuma mifupa. Wana viti vyao vya kusukwa kama kapu kubwa, vina paa la kuzuia upepo, watu wawili wanakaa ndani bega kwa bega. Cha kwanza alikisuka fundi wa vikapu wa Rostock, Wilhelm Bartelmann, mwaka 1882, alikisuka kwa ajili ya bibi mmoja alokuwa na baridi yabisi na bado anataka kukaa baharini, kilikuwa cha mtu mmoja, vya wawili vikaja baadae. Yaani bahari baridi, upepo mkali, na watu wakatafuta njia ya kukaa wawili waitizame hivo hivo.

Na usafiri wamerahisishiwa. 2023 serikali ya Ujerumani ilileta tikiti moja ya mwezi, Deutschlandticket, ilianza euro 49, kufika 2025 ikawa 58, unapanda nayo mabasi na treni za kawaida nchi nzima isipokuwa zile za mwendo kasi, kwa hivo ukishainunua nauli hauiwazi tena, unatoka. Na Jumapili maduka mengi yamefungwa kwa sheria, kwa hivo hata wauzaji wengi wana siku ya kutoka.

Sasa njooni Malindi. Gede pale, matatu ya Mombasa inakushusha njia panda hata hujamaliza mazungumzo, ni mji mzima wa wazee wetu, msikiti mkubwa, nyumba ya mfalme, visima, kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria ambao ni 1399, yote hayo ndani ya msitu, mibuyu imeota katikati ya kuta na kima wanaruka juu yake. Watu waliuhama karne ya 17 na mpaka leo ukisimama pale ndani unaskia kimya ambacho Malindi mjini hukipati. 2024 UNESCO wameuingiza kwenye orodha ile ile ya Lübeck. Muulize mke na mume wowote wa Malindi mara ya mwisho kwenda Gede ni lini, wengi watakwambia darasa la sita, na mwalimu.

Hapo hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo wanauzwa ng'ambo. Vinasafiri vipepeo mpaka Ulaya, mtu wa Maweni, hapo hapo Malindi, hajaingia msitu huo na mkewe hata siku moja! Na ni msitu wa kilomita za mraba kama 420, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake ilobaki pwani ya Afrika Mashariki. Ukitoka hapo unapanda tuktuk ya Watamu ufuoni, ama uende ghuba ya Mida jioni utembee kwenye lile daraja la mbao juu ya mikoko, maji yanaingia chini ya miguu yenu, jua linazama upande wa msituni, mnakula kaa mliochomewa hapo hapo. Marafa nayo, lile bonde la udongo uliochongwa na mvua, iko ng'ambo ya mto Sabaki, kama saa moja ya gari, nendeni baada ya alasiri maana mchana jua la kule halina huruma na jioni ndo ule udongo mwekundu na mweupe unaonekana rangi zake sawasawa. Mambrui iko karibu zaidi, na kwenye mdomo wa Sabaki ukibahatika unakuta heroe wamejaa.

Wengi wataniambia pesa. Ni kweli maisha yamepanda na sijifanyi sijui, lakini mimi naona harusi zetu, naona sare za harusi, naona mtu anakopa kununua leso za kugawa, kwa hivo pesa yote haikosekani, inakwenda kwengine. Na mke na mume kutoka si lazima hoteli ya ufuoni ya dola. Kuna gesti safi Watamu, kuna vyumba vya watu wa kawaida, na kwenye makumbusho na hifadhi zetu mwananchi analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Mke anafunga mahamri na mbaazi, thamosi ya chai, siku imepita.

Wengine watasema kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya siku 21 za likizo kwa mwaka na siku moja ya mapumziko kila wiki, na Ujerumani kiwango cha chini kwa mtu wa siku tano ni 20, kwa hivo kwenye karatasi hatujapitwa. Najua mvuvi hana likizo ya kulipwa, na mama anaekaanga viazi vya karai barabarani akilala usiku mmoja Watamu kesho hana mtaji. Kwao hao mi sisemi walale, nusu siku yatosha, Jumapili baada ya adhuhuri hadi magharibi.

Ila mimi naamini kinachotuzuia zaidi ni vile tumeishi. Mume akitoka kazini ana baraza lake, ana kahawa, ana bao, ana msikiti. Mke ana harusi, ana matanga, ana chama, ana mashoga zake. Kila mtu ana watu wake na hilo ni jambo zuri sana, huku Ulaya watu wanalililia. Lakini nyinyi wawili mnakutana saa ngapi? Usiku mmechoka, mnazungumza karo na gesi imekwisha. Fungate tunaifanya kwa kishindo, siku saba bibi harusi anafukizwa udi, chakula kinaletwa mlangoni, hakuna anaewasumbua, kisha ile siku ya nane ikifika ni kama ruhusa ya kukaa wawili imefungwa mpaka kifo. Nani alosema hivo? Dini haijasema.

Halafu kuna hili la kuona zile sehemu si zetu. Likizo moja mimi na mume wangu tulikwenda hoteli moja ya ufuoni, tumevaa vizuri, tuna pesa zetu mfukoni, mlinzi akatusimamisha getini akatuuliza tunamtafuta nani hapa. Wageni wawili walokuwa nyuma yetu wakapita na saluti. Mume wangu alitaka turudi nyumbani, mi nikamwambia haturudi, tukaingia tukanywa chai yetu. Iliniuma na bado inaniuma, na wenye hoteli zetu mnaosoma hapa wafundisheni walinzi wenu, maana kukiwa na taabu huko Ulaya na ndege zikipungua ni sisi wa hapa hapa mtatutafuta. Na nyinyi wenyeji msikubali kurudishwa, ufuo ni wa umma.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho huku hata uwe tajiri ni tabu kukipata, na ndo maana nasema nyumbani ni bora kwa jambo hili. Watoto unawaacha na nani? Huku unatafuta binti wa kukaa nao, unamlipa kwa saa, unapanga wiki kadhaa kabla, na moyo wako uko kwenye simu muda wote kwa sababu humjui vizuri. Nyumbani kuna bibi yao, kuna khalati, kuna wifi, watoto watafurahi zaidi nyinyi mkiondoka kuliko mkibaki. Mavyaa wangu, Mungu amuweke, mara ya kwanza kumwambia twataka kuvuka tulale kisiwa cha Manda aliuliza, "Kwani mwanangu, nyumba hini ina nini?" Mume wangu akamjibu, "Haina neno mama, twataka kuzungumza tu sisi wawili." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza watoto wanakula nini asubuhi. Tukajua yamekwisha.

Kwa walio Lamu hata nauli kubwa hakuna. Shela unatembea kwa miguu kutoka mjini, ufuo wake mrefu kushinda nguvu zenu. Takwa pale Manda magofu yametulia, watu wa Shela wenyewe husema asili yao ni huko, ila mwambie nahodha mapema maana ile njia ya mikokoni yataka maji yamejaa, yakitoka mtakwama. Kipungani mnaweza kwenda kuona mikeka ikisukwa. Kutoka Malindi kuja Lamu kwa basi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, kwa usiku mmoja mimi siwashauri, mtafika mmechoka na mara zingine njia ile usalama si mzuri, wekeni wakati wa Idi ama Maulidi.

Na msingoje kaskazi peke yake. Ni kweli kuanzia Oktoba mpaka Machi bahari imetulia na kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi na Watamu, ile iloanzishwa 1968, unaona samaki mpaka chini. Lakini kusi ikivuma, bahari ikachafuka, mwani umejaa ufuoni, wageni hawako na bei za vyumba zinashuka. Hapo ndo wakati wetu. Baharini hamuogi, sawa, Gede iko, msitu uko, Mida iko.

Sisi Disemba tukijaaliwa tunakuja. Watoto wanabaki kwa bibi yao Lamu, tushazungumza nae na ameshasema chakula chao cha asubuhi anakijua, tusimfundishe. Mimi na mume wangu tunalala Watamu, mwenyewe anataka Mida, mi nataka Gede kwanza, na dadangu wa Maweni na shemeji nimeshawaambia watoke na wao wikendi ile, wao waende Marafa, wasitufuate.