Eti Ana Bwana, Afutwe TASAF

Mkutano wa kijiji kwetu Mufindi uliitwa kwa ajili ya barabara. Barabara haikufika mbali. Mzee mmoja akasimama: "Mwenyekiti, kuna watu humu wanakula hela za kaya maskini na wana mabwana ndani. Wafutwe!" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kila mtu alijua anasemwa nani, na mwenyewe alikuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni, kainamisha kichwa.

Hasira haijanitoka, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada yule ana watoto watatu. Baba yao alikwenda Makambako kutafuta, na nadhani alipata, maana hajarudi. Kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini hela, aliingia kama wenzake: jina likapita mkutanoni, wakaja kumhoji, paa likaangaliwa, sakafu ikaangaliwa. Hela inatoka kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake inategemea watoto wahudhurie shule asilimia 80 na wadogo wapelekwe kliniki. Ni hela ya watoto, jamani. Sasa kapata mwenzake, kijana anayepasua mbao huko Sao Hill, basi imekuwa kesi.

Hivi kupasua mbao ni ajira ya mshahara siku hizi? Mvua ikinyesha hakuna kazi, tajiri akikwama hakuna malipo. Huyo bwana kaja na begi, panga na tumbo lake. Walikuwa wanne wanaokula, sasa ni watano, na debe la mahindi ni lile lile. Lakini kwa hesabu za kijiji chetu, suruali ikianikwa kwenye kamba, umaskini umeisha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kinachopimwa ni kaya, si mama peke yake. Bwana akija na ng'ombe na pikipiki, aandikwe, wapimwe upya, wakionekana wanajiweza watoke. Sina ugomvi na hilo. Na ndiyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mwanamume aliyempokea mtoto wa mwenzake kama wa familia yake amtunze pale baba na mama wa mtoto wanaposhindwa. Safi sana. Nionyesheni sasa mama aliyepanda gari kwenda mahakamani kumshtaki bwana aliyehamia juzi kwa sababu hajanunua madaftari. Sheria hiyo hiyo inasubiri watu wakae pamoja miaka miwili au zaidi, jamii iwaone kama mke na mume, ndipo idhanie wameoana, na hata hapo mtu anaweza kupinga. Miaka miwili! Sisi tumewafungisha ndoa kabla mahindi hayajabeba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunawafundisha akina mama hawa kuficha. Bwana anaingia watu wamelala, anatoka jogoo la kwanza. Watoto wameshaelekezwa: mgeni akiuliza, semeni ni mjomba. Na mwanamume wa kuingia gizani ana raha yake! Hajatambulishwa kwa wazazi, balozi wa nyumba kumi hamjui, akichoka anabeba begi lake na hakuna wa kumuuliza. Tunadai tunataka awajibike, halafu sisi wenyewe tunamfungulia mlango wa nyuma.

Kuna mgane kitongoji cha juu, naye analipwa hela hizo hizo za TASAF. Kaleta mke mwaka jana, mwanamke mwenye shamba lake la viazi. Kijiji kilifurahi: "Afadhali kapata wa kumpikia." Hakuna aliyenyoosha kidole kusema kaya ile imepata nguvukazi, na shamba juu yake. Wala hakuna aliyeuliza habari za baba wa Makambako, ambaye Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai matunzo ya wanawe hata kama mama yao ataolewa mara kumi. Ustawi wa jamii wapo wilayani, ila huko hatupigi makofi.

Nilimfuata dada yule baadaye. Nikamwambia TASAF wakija kuhakiki kaya asifiche kitu: amwandikishe bwana kama mwanakaya, aseme kibarua kinaingiza nini na lini, wapimwe wote watano, na mimi nitakuwepo.

Akanitazama, akaniambia, "Dada, wewe jioni unapanda gari unarudi Iringa. Mimi nabaki nao hawa."