Eti "Prodyuza Halisi"

Jumatano iliyopita walinijia vijana wanne kuhusu kuwarekodia albamu yao. Nyimbo tisa, roki nzito, gitaa mbili, mashairi nusu Kiswahili nusu Sheng. Nilisikiliza demo zao kwenye simu nikazipenda, na mimi si mwepesi wa kupenda. Tukanywa chai, nikataja bei, na bei yenyewe si ya kumuuzisha mtu shamba. Yule wa gitaa la solo akawaangalia wenzake, akaniangalia mimi, akauliza kwa adabu zote alizofunzwa kwao: "Lakini brathe, si wewe ni mpiga dramu tu? Sisi tunatafuta prodyuza halisi."

Tu. Herufi mbili, na nimelala nazo siku tano.

Sikumjibu. Nilimwongeza chai, nikawasindikiza hadi stejini, nikarudi kuzitwanga dramu mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Sasa hasira imepoa kiasi cha kuandika, kwa hiyo nisikilizeni kwa nini mpiga dramu hufaa kuwa prodyuza.

Lugha yetu yenyewe ina kichekesho hapa. Msanii akitoa wimbo hutangaza kuwa ngoma mpya iko hewani. DJ naye hukwambia hii ngoma ni kali. Wimbo mzima, hata ule ambao haujaguswa na kijiti wala ngozi, unaitwa ngoma. Lakini binadamu anayeketi nyuma ya ngoma zenyewe, huyo ni wa "tu". Kanisani nilikojifunzia walinifungia kwenye kizimba cha plastiki angavu kama kuku wa kuuzwa, kwaya ikiimba nje. Miaka sita nilipigia mle ndani. Mchungaji alipowashukuru waimbaji na wapiga vyombo, macho yake hayakuwahi kufika kizimbani.

Haya, tuje kwenye kazi.

Bendi nyingi za roki zikiingia studio, dramu hutangulia. Zikishakaa sawa, besi hufuata, kisha gitaa, kisha sauti. Maana yake mpiga dramu humaliza kazi yake siku ya pili au ya tatu, na albamu bado ina wiki tatu mbele. Wengi hukunja vyuma vyao wakaenda zao. Wachache hubaki kwenye kochi la chumba cha mitambo, hawana la kufanya ila kusikiliza: mpiga gitaa akirudia kipande kimoja mara arobaini, mwimbaji akijifungia chooni kulia, fundi akisogeza maiki upana wa kidole na sauti ikageuka kabisa. Hakuna mwingine kwenye bendi anayeipata nafasi hiyo. Wa gitaa anaisubiri zamu yake kwa wasiwasi. Mwimbaji anaogopa koo lake. Wa dramu ameshamaliza, moyo umetulia, masikio yako wazi.

Mimi sikubaki kwa hekima, nilibaki kwa sababu ya pikapu. Tulikuwa tunarekodi kwenye jengo moja la River Road, Nairobi, ghorofa ya nne, lifti ilishakufa zamani, na jamaa aliyenibebea dramu akasafiri kwenda mazishi Busia. Siku kumi na moja. Sikuthubutu kuziacha dramu peke yake. Siku ya nne nikaanza kuuliza maswali. Siku ya saba fundi akaniachia fada ya waitikiaji, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti yao. Pikapu ilipotokea hatimaye, nilikuwa natamani mwenye gari angekaa matanga wiki nyingine, Mungu anisamehe.

Sasa mchukueni Butch Vig. Mpiga dramu wa Wisconsin, Marekani, kwenye bendi iliyoitwa Spooner ambayo hata hapa kwetu wanaojifanya kujua roki hawaijui. Mwaka 1983 yeye na Steve Marker walifungua Smart Studios mjini Madison, na kwa miaka akawa anarekodi bendi za pank zisizo na hela, moja baada ya nyingine. Aprili 1990 bendi ya Nirvana ikafika kwake. Mei 1991 akawa nao studio ya Sound City, Van Nuys, California, wakirekodi albamu ya Nevermind. Januari 1992 albamu hiyo ikamng'oa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Billboard. Mpiga dramu tu.

Chati waachieni wapenda chati. Mimi nataka muone chumba.

Kwenye albamu ile kuna Something in the Way, ule wimbo wa kunong'ona. Waliujaribu bendi nzima ukagoma. Kurt Cobain, mwimbaji wao, akaingia chumba cha mitambo, akajilaza kwenye kochi na gitaa lake kuukuu la nyuzi tano, akauimba kwa sauti ndogo ajabu ili Vig aelewe anachotaka. Prodyuza mwingine angesema nimeelewa, haya rudi kule ndani turekodi. Vig akazima feni, akachomoa simu, akamtegea maiki palepale alipolala. Ndicho mnachokisikia mpaka leo.

Kisha ikaja sehemu inayonitoa jasho kila nikiiwaza. Dave Grohl, mpiga dramu wa Nirvana, jamaa anayepiga kama anavunja mlango, akatakiwa kuweka dramu juu ya gitaa lililorekodiwa bila kliki, ule mlio wa masikioni unaohesabu mwendo, mwendo wake ukipanda na kushuka kwa pumzi za mtu aliyelala. Na apige kwa sauti ya chini! Kupiga kwa nguvu ni kazi ya mabega. Kupiga kwa upole bila mdundo kulegea ni kama kubeba uji kwenye sahani bapa ndani ya matatu iliyojaa. Vig alibidi amkumbushe tena na tena ashushe mkono. Mtu wa kumwomba mwenzake jambo kama hilo ni yule aliyewahi kuketi kwenye kile kigoda, anayejua linawezekana, anajua linapouma, anajua pia wakati wa kumwambia toka nje kidogo upigwe na upepo.

Kwenye Lithium, wimbo mwingine wa albamu ile, shida ilikuwa kinyume. Bendi ilikuwa inakimbia, kila wakirudia wanazidi kuharakisha, mpaka Vig akapendekeza Grohl apige na kliki masikioni. Kama hamjawahi kumwambia mpiga dramu hivyo, ni sawa na kumwomba dereva wa matatu akuonyeshe leseni. Likitoka kwa mpiga gitaa ni tusi. Likitoka kwa mpiga dramu mwenzake, anameza mate anavaa hedifoni.

Niwape na langu, la aibu. Zamani kidogo nilirekodi bendi ya watu watatu sebuleni South B, godoro la mama yangu limeegeshwa ukutani kuzuia mwangwi. Niliweka maiki mbili kwenye sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), moja juu, moja chini, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Nikasikiliza. Sneya ikalia kama debe la mafuta lililotobolewa. Nikabadilisha ngozi. Nikabandika tepu. Nikatuma bodaboda Embakasi ikaniletee sneya ya rafiki, nayo ikalia debe vilevile. Saa tano zimeisha, stima imekatika mara moja, watu wanaangalia saa. Ndipo nikakumbuka: kijiti kikishuka, ngozi inaikimbia maiki ya juu na kuijia ya chini. Moja inasema nimevutwa, nyingine inasema nimesukumwa. Ukizijumlisha zinakulana. Dawa yake ni kitufe kimoja cha kugeuza fezi, yaani kuipindua sauti ya maiki moja ikubaliane na ya mwenzake. Nilikibonyeza na sneya ikarudiwa na mwili wake, kama mgonjwa aliyeamka akadai ugali. Mpiga gitaa akasema tu, "Eh, sasa iko poa," akaendelea na simu yake.

Hilo ndilo ninalotaka yule kijana wa Jumatano alielewe. Mwimbaji ana maiki moja. Gitaa lake yeye lina moja, mbili akijisikia. Mimi nina nane, kumi, zote zinasikiliza chombo kimoja kwa umbali tofauti, kila moja inayasikia mambo yake na ya jirani, matoazi yanavuja kila mahali. Aliyejifunza kuzipatanisha hizo kumi hadi zikawa mtu mmoja anayepiga ndani ya chumba kimoja ameshapita sehemu ngumu ya kurekodi. Kilichobaki ni kuzijua tabia za watu, na hizo mpiga dramu anazijua mapema, kwa kuwa ndiye anayeketi nyuma na kuona migongo yao wote jukwaani.

Hata bahati huwapenda wasiojua kunyamaza. Studio ya Townhouse, London, Phil Collins alikuwa akipiga dramu kwenye albamu ya tatu ya mwimbaji Peter Gabriel, iliyotoka 1980. Fundi Hugh Padgham akaifungua maiki ya kuzungumzia na wanamuziki, ile iliyobanwa sauti ili hata mtu aliye mbali asikike, na Collins bado anatwanga. Kilichotoka kwenye spika kiliwashtua. Wakaunganisha waya upya ili kirekodiwe, wakakikata mkia kwa geti, kifaa kinachofunga sauti ghafla ikianza kufifia, na miaka ya themanini yote ikalia hivyo. Kwa maoni yangu ililia hivyo kupita kiasi, lakini hayo ni mengine.

Sawa, nikubali moja kabla hamjanirushia mawe. Kumiksi, yaani kuzipatanisha sauti zote zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja. Vig na Nirvana walianza kuimiksi Nevermind wenyewe, haikuridhisha, ikapelekwa kwa Andy Wallace. Siamese Dream ya Smashing Pumpkins, 1993, Vig alikuwa prodyuza pamoja na Billy Corgan, mwimbaji wao, miksi ikaenda kwa Alan Moulder. Masikio yaliyosikia wimbo mara mia tano yamekufa ganzi. Na ukweli mwingine nausema kwa shida: sisi tunazipandisha dramu. Tunajikuta tumezipandisha. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyeitunga methali hiyo naapa aliwahi kukaa usiku mmoja kwenye kumiksi. Wa solo anasema niongeze kidogo. Wa besi, na mimi pia. Mwimbaji anasema maneno hayasikiki. Mnapanda wote mpaka taa nyekundu, mnashusha vyote, mko pale pale mlipoanzia, saa nane za usiku. Mezani kwangu nina fada moja isiyounganishwa na chochote. Wa gitaa akilalamika, naisukuma juu mbele ya macho yake. Hujibu, "Hapo sasa."

Kwa hiyo miksi zangu za mwisho humpelekea dada mmoja mpiga kinanda, Kisumu. Hunishushia dramu kila mara. Humlipa huku nimenuna.

Mengine ni madogo. Dramu za laptopu? Zipo, nzuri, hata mimi nimezitumia kwenye nyimbo mbili na hakuna aliyekufa. Wapiga dramu wengi hawajui kodi za muziki, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja? Kweli, waende wakajifunze, si chuo cha udaktari. Jina langu kukosekana kwenye orodha ya waliotengeneza albamu niliyoipanga mwanzo mwisho? Hilo nikilianza leo hatutalala.

Studio kubwa? Hapo ndipo vijana wananichosha. Bill Stevenson, mpiga dramu wa bendi ya Descendents, yeye na wenzake wa bendi ya ALL walijijengea studio ya The Blasting Room huko Fort Collins, Colorado, mwaka 1994, mbali na Los Angeles na mbali na New York, na bendi zikafunga safari kumfuata. Rise Against walirekodi kwake. Naye Grohl, alipokuwa na hela za kukodi studio yoyote duniani, alimwita Vig gerejini kwake, wakarekodi albamu ya Wasting Light ya bendi yake ya Foo Fighters kwa tepu, bila kompyuta. Ikatoka 2011, ikachukua Grammy ya albamu bora ya roki. Gereji, jamani! Na mimi nilikuwa nalificha godoro la mama wageni wakija.

Siku hizi narekodi bendi nyingine. Mpiga dramu wao ni binti wa miaka 19, ametoka kwenye kizimba cha kanisa kama mimi. Nyimbo zake zote alizimaliza Jumanne, na sikumwambia abaki. Lakini kila jioni anatokea na chipsi zake, anageuza kreti ya soda, anaketi kando ya mlango. Haongei. Jana wa besi alikuwa anaweka wimbo wa tano, tumeshapitisha, naenda kuzima mashine, mara nasikia kutoka kwenye kreti: "Anko, korasi ya pili, besi inachelewa."

Wa besi akacheka. Nikarudisha nyuma, sikusikia kitu. Nikarudisha tena. Mara ya tatu nilifumba macho, nikazima gitaa zote, nikaacha dramu na besi peke yake.

Inachelewa.