Jengo la Dar Lisijengwe Kama la Nairobi

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi eneo la Posta, Dar es Salaam, ukuta wote wa upande wa magharibi ulikuwa wa kioo. Ikifika saa tisa alasiri jua lilipiga hadi juu ya meza, na wenzangu wawili walikuwa wamebandika karatasi za manila dirishani kwa selotepu ili waweze kuona kilichoandikwa kwenye kompyuta zao. Kiyoyozi kiliwekwa nyuzi 17. Waliokaa karibu nacho walijitanda khanga, waliokaa dirishani walilowa jasho, na taa ziliwaka mchana kutwa kwa kuwa mwanga wa nje ulikwishazibwa. Umeme wa jengo lile ulikuwa ukilipia kosa lililofanyika siku mchoro wake ulipopitishwa, na tangazo la kutukumbusha kuzima taa tunapotoka lisingeweza kulirekebisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolizungumzia suala la umeme katika majengo ya biashara kana kwamba ni suala la nidhamu ya wapangaji. Sehemu kubwa ya bili huamuliwa mapema na mambo mawili: jengo liko wapi, na linafanya kazi gani.

Tuanze na mahali. Anayetaka kuielewa Dar es Salaam aitazame ndoo inayowekwa chini ya bomba la kiyoyozi. Maji yanayoijaza yametolewa hewani, na kuyatoa kunakula umeme mbali na ule unaotumika kuishusha joto hewa yenyewe. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haina mzigo huo. Ofisi ya huko yenye madirisha yanayofunguka na kivuli cha kutosha inaweza kumaliza mwaka bila kiyoyozi, kama zinavyoonyesha ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 kwa ajili ya watumishi wapatao 1,200, ambazo hupitisha hewa ya kawaida na kubeba paneli za sola juu ya paa. Inaniuma, basi, kuona katika jiji hilohilo minara iliyofungwa kwa kioo kila upande, ambayo hulazimika kununua ubaridi uliopo bure nje ya dirisha.

Wasanifu wetu hupenda kulitaja jengo la Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, ambalo hupoa kwa njia inayofanana na ya kichuguu: hewa baridi ya usiku hupitishwa ndani ya jengo, zege likapoa, na mchana zege hilo hulipunguzia jengo joto. Ni kazi ninayoiheshimu sana, lakini inategemea usiku wa nyanda za juu. Usiku wa Februari hapa Dar hauna ubaridi wa kuhifadhi. Dodoma inao, kwa kuwa hewa yake ni kavu na joto hushuka jua likizama, na kwa vile ofisi nyingi za serikali zinajengwa huko sasa, hapo ndipo ningependa mbinu hiyo ijaribiwe kwa dhati. Sisi wa pwani tunacho cha kujifunza Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye dari ndefu, kuta nene na vichochoro vyenye kivuli. Na kwa kuwa huku jua hupita karibu na utosi, jengo lielekeze pande zake ndefu kaskazini na kusini, ambako kibaraza kifupi tu hutosha kulikinga.

Kazi ya jengo nayo ina uzito wake. Marekani imekuwa ikipima matumizi ya nishati ya majengo ya biashara kwa kanda na kwa aina tangu mwaka 1979, na wanaoongoza kwa kila mita ya mraba ni migahawa, wala si minara ya ofisi. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuingia jikoni: majiko na majokofu hushindana chumba kimoja, huku feni ya moshi ikitupa nje hewa iliyokwisha kupozwa kwa fedha. Hospitali hailali. Hoteli huchemsha maji usiku na mchana, kazi ambayo jua la pwani lingeifanya vizuri.

Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2012, iliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Ningependa Tanzania ianze mapema zaidi ya hapo. Mwombaji wa kibali cha ujenzi aulizwe, kabla mhuri haujapigwa, jengo lake litakula yuniti ngapi kwa kila mita ya mraba, na jibu lake lilinganishwe na majengo ya kazi ileile katika mkoa uleule: hoteli ya Tanga kwa hoteli ya Tanga, ofisi ya Mbeya kwa ofisi ya Mbeya.