Sikuwa nawinda nyuki

Kwanza kabisa: sikupanda mti. Ile sauti ya shemeji inayozunguka kwenye magrupu tangu Jumamosi jioni, dakika 4 na sekunde 12, ina ukweli wa dakika moja hivi. Zilizobaki ni chumvi. Sikupanda mti, sikumwita mama, na sikuwa nawinda nyuki. Nyuki ni kweli. Bunduki ni kweli. Jicho pia ni kweli. Naandika hapa kwa la kushoto, la kulia limejifunga lenyewe na halijasema litafungua lini.

Mnaonifahamu mnaijua bunduki ya marehemu babu. (Kibali ninacho, kimehamishiwa jina langu kihalali, msianze.) Ni Winchester 94, ile ya kukoki kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini, chap-chap, kama kwenye sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Babu aliinunua Urambo kwa mzungu mmoja mlima tumbaku, wale waliobaki baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa. Umbo lake alilibuni John Browning mwaka 1894, na hadi leo halina aibu.

Ina tabia moja: ganda la risasi hulitemea juu, kama mtoto anayetema mbegu ya zambarau. Kwa hiyo darubini pale juu haikai, itagongwa na maganda. Utalenga kwa chuma au uache.

Baksaiti ya babu, yaani kile kilengeo cha nyuma, ilikuwa ya wazi. Kibati chenye pembe mbili, katikati mfereji, unakalisha kishanga cha foresaiti, kilengeo cha mbele, ndani ya mfereji, unafyatua. Babu alifanya hivyo mpaka uzeeni. Tatizo ni kwamba mimi nina miaka 48 na simu naisoma mkono ukiwa umenyooka. Baksaiti ya wazi inalidai jicho vitu 3 kwa mpigo: mfereji, kishanga na mnyama. Jicho linaona kimoja, viwili vinakuwa uji.

Ndiyo nikaamua kuweka ya tundu. Hii ni kipete kidogo, kinafungwa kwa skrubu mbili ubavuni, nyuma kabisa, karibu na jicho. Hukiangalii, unachungulia kupitia humo. Jicho lenyewe linatafuta katikati ya tundu, wewe unashughulika na kishanga tu. Halafu umbali kati ya baksaiti na foresaiti unaongezeka, kwa hiyo mkono ukiyumba kidogo, kosa kule mbele si kubwa kama zamani. Haya yote niliyasema. Niliyasema kijiweni, msibani, na kwenye kikao cha harusi ya binamu mpaka mwenyekiti akaniomba tuendelee na ajenda.

Shemeji ni mtu wa ya wazi. Hana bunduki, hajawahi kuwa nayo, lakini msimamo anao. Eti ngiri akichomoka, kwenye ya wazi unamuona mzima, ila kwenye tundu utakuwa unamtafuta kama jirani mbea anayechungulia dirishani. Eti magharibi ikiingia tundu linakuwa giza. Nikamwambia kile kisahani chenye tundu dogo kinafunguka, ukikitoa linabaki tundu kubwa la kutumia kukiwa na mwanga hafifu. Akasema, "Shem, tundu ni tundu."

Hoja yake ya mwisho ilikuwa kwamba tundu litaingia mdudu. Nilicheka sana. Kumbukeni kwamba nilicheka.

Basi Jumamosi asubuhi tukaenda shambani kwa baba mkwe, upande wa Sikonge, kuirekebisha shabaha. Pale kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, unene wake hata risasi ya kifaru inaishia humo. Tukabandika karatasi ya mfuko wa saruji usawa wa kifua, duara la mkaa katikati. Tukarudi hatua 100. Baba mkwe alikuwa nyumbani, watoto wamezuiwa huko huko. Usalama wote. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Nikapiga ya kwanza. Karatasi nzima, haina hata mkwaruzo.

"Imepita chini," akasema shemeji.

Nikamwamini! Mtu asiye na bunduki! Ukweli ni kwamba kile kipete kilikaa juu kuliko baksaiti ya babu, na kishanga cha mbele sikukibadilisha kiwe kirefu. Kwa hiyo risasi ilikuwa imepita juu. Nami, kwa ushauri wa shemeji, fundi baiskeli, nikafungua skrubu nikakipandisha kipete zaidi. Ya pili: karatasi nzima. "Bado chini, shem." Nikapandisha mpaka skrubu ikagoma.

Ya tatu sasa. Twende taratibu, maana hapa ndipo sauti ya shemeji inaporuka mambo.

Nikakaa vizuri, shavu kwenye kitako. Nikachungulia. Na niseme ukweli hata kama nimevimba: ilikuwa nzuri mno. Kishanga kimesimama katikati ya tundu bila kuombwa, duara la mkaa juu yake kama ugali kwenye sahani. Nikawaza, babu angeona hii angelia. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabinya.

Mlio ukatoka. Halafu ukafuata mlio mwingine, si ule wa "pu" wa udongo. Huu ulikuwa "kwaa", kama mtu amepiga ngoma kuukuu.

Sikuinua kichwa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko skrubu. Nilibaki nachungulia, nimekoki tayari ya nne, nikitafuta tundu kwenye karatasi. Naona karatasi. Naona kishanga. Nasikia kitu kama pikipiki inapanda mlima mbali. Nikafikiri ni bodaboda ya kwenda mnadani.

Halafu tundu likaingia giza.

Nikakonyeza. Giza bado. Nikasema moyoni, jicho hili limechoka. Kisha giza lile likasogea. Lilikuwa na miguu. Lilikuwa na nywele. Lilikuwa limekaa ndani ya kipete changu kipya, linanitazama kutoka upande wa pili, na mimi nalitazama, jicho kwa jicho, sentimita 5. Tukatazamana hivyo kwa muda ambao nikiwa mzee nitauita dakika.

Likaja.

Mlio wa tatu, wanangu, ulikuwa mimi.

Kumbe kwenye mti ulioota ubavuni mwa kichuguu, mita na kitu juu ya karatasi, baba mkwe alitundika mzinga wa gome la myombo. Miaka mingine hutundika juu sana. Safari hii magoti yanamsumbua, akautundika chini. Mzinga wa gome ukipigwa na mvua mbili tatu, huwezi kuutofautisha na tawi. Nimewauliza wengi, wote wamekubali, isipokuwa mke wangu.

Shemeji alipiga kelele, "Usikimbie, watakufuata!" Alisema hayo akiwa ameshafika kwenye pikipiki. Mimi nilikuwa na risasi mbili ndani. Huwezi kukimbia kuelekea nyumba ya watu na bunduki yenye risasi, hata ukiwa unaliwa. Nikakoki kuzitoa. Ya kwanza ikaruka juu ikanipiga puani. Ya pili sijui ilikwenda wapi. Tumeipata Jumapili kwenye mfuko wa shati. Shati lenyewe nilikuwa nimelivua, kwa sababu ndani kulikuwa na kikao.

Hapa napaharakisha. Nilitokea uani kwa mama mkwe. Alikuwa anaanika michembe. Mkwe, kifua wazi, bunduki tupu mkononi, makamasi. Hatukusalimiana. Aliingia ndani kwa heshima, akafunga mlango, na tangu siku hiyo tunawasiliana kupitia watoto. Moshi, maji, zahanati, sindano, basi.

Baba mkwe alikuja jioni kunitazama. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha: "Mwanangu, kama ulitaka asali, si ungeomba?"

Nimelipa mzinga, na mbuzi juu. Jirani yangu mstaafu wa jeshi amenieleza kwa sentensi moja: risasi huifuata baksaiti, ukiipandisha nayo inapanda. Sentensi moja! Nimeagiza kishanga kirefu. Na hapana, shemeji, sirudishi ile ya wazi, imelala kwenye kopo la dawa ya viatu na itaendelea kulala. Tundu halikuwa na kosa lolote.

Leo asubuhi baba mkwe kanipigia simu. Hakuuliza jicho. Kauliza nitaenda kulenga tena tarehe ngapi, watu wa kijiji wanataka wahamishe mizinga mapema.