Yule Mama Hakukataa: Neno "Reluctant" na Shingo Upande

Miaka michache iliyopita nilikuwa mkalimani wa daktari mgeni kwenye huduma ya mkoba, katika kijiji ambacho gari hufika kiangazi tu. Tulikaa chini ya mwembe: meza moja, boksi la chanjo, foleni ya kina mama. Akafika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Daktari akaniambia nimuulize kama yuko tayari mtoto achomwe sindano ya surua. Yule mama akatazama chini, akakaza kanga kifuani, akasema: "Kaka, sikatai. Ila naona uzito. Mkubwa wake alipochomwa alichemka mwili usiku kucha."

Nikamgeukia daktari nikasema, "She doesn't want." Basi. Daktari akaandika kitu kwenye daftari lake na kumwita anayefuata. Mama akashika njia na mtoto wake.

Nesi tuliyekuwa naye, mtu mzima anayezisikia lugha zote mbili, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, yule mama hajakataa." Akainuka, akamfuata, nikawaona wameketi kwenye gogo wanaongea. Baadaye wakarudi pamoja na mtoto akachanjwa.

Nilipaswa kusema "She is reluctant." Na neno lenyewe nililijua tangu sekondari! Mwalimu alituandikia ubaoni, "reluctant: asiyetaka," tukanakili, tukalikariri. Kwa kuwa kichwani mwangu "reluctant" na "doesn't want" vilikuwa kitu kimoja, nilichukua kile chepesi kutamka. Nikamfungia mlango mtu aliyekuwa bado amesimama kizingitini.

Tangu siku ile nimekuwa nikisema, na nitaendelea kusema, kwamba tafsiri ile ya ubaoni inatuharibia. Asiyetaka ameshaamua. Aliye "reluctant" anavutana na nafsi yake. Anaweza kukubali, na mara nyingi hukubali. Neno hilo asili yake ni Kilatini, kitenzi "reluctari", kupambana kwa kupinga, na ndani yake mna "luctari", kupigana mieleka. Mieleka hiyo Kiswahili tunayo siku zote, tunaiita shingo upande. Mtu anakwenda kwa miguu yake mwenyewe, lakini shingo imegeukia kule asikotaka kuondoka. Ukisikia "He reluctantly agreed," maana yake alikubali shingo upande. Jambo limefanyika. Ukimtafsiria mtu kwamba alikataa, umemsingizia.

Tukishaipata maana, inabaki kujenga sentensi, na hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Sisi hali hii tunaisema kwa kitenzi: nasita, nasuasua, naona uzito. Neno "nasita" limebeba kila kitu, mtendaji na wakati na tendo. Kiingereza kinataka kivumishi, na kivumishi hakisimami peke yake, lazima kishikwe mkono na "am", "is", "was". Ndiyo maana unasikia watu wakisema "I reluctant to go", wakiwa wamehamisha "nasita" kama ilivyo. Wengine husema "I am reluctance", ambayo ni sawa na kusema "mimi ni kusita".

Baada ya "reluctant" weka "to", na baada ya "to" weka kitenzi kitupu. Jirani amekuja kukopa na deni la mwanzo hajalipa: "I am reluctant to lend him money." Ada ya shule inadaiwa, ng'ombe ni mmoja tu zizini: "My mother was reluctant to sell the cow." Achana na "reluctant of selling", achana na "reluctant to selling". Sikia pia kwamba katika sentensi ya ng'ombe hatujaambiwa kama aliuzwa au la. Neno linatuachia mlango wazi, na anayesikiliza atauliza, "Ikawaje?"

Huo mlango wazi una faida ofisini. Mwenye nyumba akikuandikia "I am reluctant to extend the deadline," usianze kufunga virago. Amesema anaona uzito kukuongezea siku, na bado unaweza kumwomba. Na wewe ukimwandikia mwajiri "I am reluctant to accept the offer", atadhani unataka mshahara uongezwe. Kama umeshakataa, sema umekataa, kwa adabu, lakini kwa neno la kukataa.

Kuna "reticent", ambalo hata Waingereza wenyewe hulichanganya na hili. Kwa asili hilo ni la mtu asiyependa kusema mambo yake, mwenye kinywa kizito. Mimi naliacha kwa maana yake hiyo.

Lakini "loath" sitaliacha, kwa sababu ni zito kuliko "reluctant" na linafaa pale moyo unapouma kweli. "I am loath to sell my father's house." Nyumba ya marehemu baba, mikono yake ndiyo iliyofyatua yale matofali, hapo "reluctant" ni jepesi mno. Tatizo ni kwamba lina ndugu yake, "loathe", kitenzi chenye maana ya kuchukia sana, na watu huandika "I am loathe to sell" bila kujua wameingiza chuki mahali pa huzuni. Kwenye maandishi tofauti ni herufi moja ya mwisho. Kwenye matamshi, Kiingereza kinaandika "th" kote kote na kumwacha msomaji akisie, ila sisi tumezitenga sauti hizo kwa herufi zetu: "loath" inaishia na th ya thamani, "loathe" inaishia na dh ya dhahabu. Najua wengi wetu wa bara tunasema samani na zahabu. Basi tuanze na thamani na dhahabu, tuzitamke polepole mpaka ulimi uzoee, ndipo tuiseme ile sentensi ya nyumba ya baba.